Kuchunguza injini iliyozimika kwenye pikipiki ya majini ya zamani

Pikipiki ya majini ya zamani inapozimika ghafla na kukataa kuwaka tena, swali la kwanza ambalo mwenye chombo humwuliza fundi huwa ni bei ya pistoni. Swali hilo huja mapema mno. Pistoni iliyotoboka, ringi iliyovunjika au beringi iliyosagika ni matokeo ya jambo lililotangulia, na jambo hilo likiachwa ndani ya chombo, vipuri vipya vitaharibika kwa namna ileile iliyoviharibu vya zamani. Kwa hiyo uchunguzi una sehemu mbili zisizofaa kutenganishwa: kujua ni kipi kilichoharibika, kisha kujua ni kipi kilichokiharibu.

Maelezo haya yanahusu mashine za tustroki (injini ambayo huwaka mara moja kila mzunguko) zenye kabureta, yaani kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaani Sea-Doo zenye injini za Rotax, WaveRunner za Yamaha na Jet Ski za Kawasaki za kipindi hicho. Mashine za fostroki (ambazo huwaka mara moja kila mizunguko miwili) zilianza kuenea mwaka 2002, Yamaha ilipotoa FX140 na Sea-Doo ikatoa GTX 4-TEC, na uchunguzi wake hufuata njia nyingine. Mwenye tustroki ya zamani kwa kawaida hana kompyuta ya kumwonyesha hitilafu. Ana plagi, geji ya kompresheni (ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), macho na pua.

Kabla ya kubonyeza stata tena

Hatua ya kwanza ni kuiacha stata. Ikiwa maji yameingia ndani ya silinda, pistoni inayopanda itayakuta hayana pa kwenda, na kwa kuwa maji hayagandamiziki kama hewa, nguvu yote itaishia kwenye konrodi, fimbo inayoiunganisha pistoni na kranki, ambayo inaweza kupinda. Injini ambayo ingepona kwa kutolewa maji na kupuliziwa oili itakuwa sasa inahitaji kranki, yaani shafti kuu ya injini. Fungua kiti, acha chumba cha injini kipate hewa kwa dakika kadhaa, na unuse: harufu kali ya petroli ina maana kwamba kuna mahali panapovuja, na hakuna jaribio lolote la umeme linalofaa kufanywa hadi mvuke huo uondoke na uvujaji upatikane. Chumba hicho kimezibwa pande zote, na cheche moja inatosha kukilipua.

Wakati hewa inapita, mhoji aliyekuwa akikiendesha chombo, kwa sababu dakika ya mwisho ya injini hueleza mengi kuliko vifaa. Injini iliyokuwa katika mwendo wa kasi, ikapungukiwa nguvu kwa sekunde chache kisha ikazima, huenda pistoni yake ilipata joto kali ikakwaruzana na silinda hadi ikashika. Chombo kilichopinduka na kugeuzwa kwa upande usio sahihi huruhusu maji yaliyomo kwenye mfumo wa moshi kurudi ndani ya silinda. Ndiyo maana mashine nyingi zina kibandiko nyuma kinachoonyesha upande wa kugeuzia, ingawa kwenye mashine kuukuu kibandiko hicho mara nyingi kimeshafutika kwa jua. Chombo kilichovutwa na boti kwa kasi nacho hujaa maji, kwa kuwa maji husukumwa kupitia pampu ya nyuma inayokisukuma chombo na kuingia kwenye mipira ya kupoozea wakati injini haizunguki kuyatoa. Na kile kilichokaa miezi bila kuwashwa, ambacho kilikuwa kizima kilipohifadhiwa, mara nyingi kina petroli iliyochacha, viwambo vya kabureta vilivyokauka, au kutu iliyozishikiza ringi kwenye ukuta wa silinda.

Je, injini inazunguka?

Toa plagi zote, kisha jaribu kuzungusha injini kwa mkono kupitia shafti inayokwenda kwenye pampu. Pikipiki ya majini ya aina hii haina gia: injini na impela (panga la pampu) vimeunganishwa moja kwa moja, kwa hiyo kipande cha kamba au cha nyavu kilichojisokota kwenye shafti kinaweza kuifanya injini nzima ionekane imekwama. Kwenye fukwe zetu zenye wavuvi, kuchungulia chini ya chombo kabla ya kulaumu pistoni ni jambo la lazima. Ikiwa pampu ni safi na shafti haigeuki hata plagi zikiwa nje, injini imeshika kweli, na kazi inahamia kwenye kufungua silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda.

Ikiwa inageuka kwa mkono lakini stata inatoa mlio wa kugonga tu, tatizo ni la umeme na kwa kawaida ni dogo. Betri iliyojaa ya volti 12 huonyesha takriban 12.6 ikiwa imetulia, na ikishuka chini ya takriban 9.5 wakati stata inavutwa, betri hiyo haifai kutumiwa kwa majaribio yanayofuata. Safisha vichwa vya betri na waya wa hasi unaofungwa kwenye injini, kwa sababu chumvi hujenga ukoko mweupe au wa kijani mahali hapo, kisha angalia fyuzi, rilei ya stata na kamba ya usalama inayofungwa mkononi mwa dereva. Sea-Doo nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hutoa milio miwili mifupi kamba hiyo inapokubalika. Zikikaa kimya au kutoa mlio wa namna nyingine, anza hapo.

Plagi zilizotolewa zipangwe kwa mpangilio wa silinda zake, zisichanganywe. Rangi ya hudhurungi ni ya kawaida. Plagi nyeusi yenye unyevu wa mafuta inaashiria petroli au oili iliyozidi, na nyeupe kavu inaashiria joto lililozidi, mara nyingi kwa sababu petroli ni chache kuliko hewa. Matone ya maji au vumbi la chumvi vinaonyesha wazi kwamba maji yameingia. Chembe ndogo za kung'aa zilizogandamana kwenye kauri ndizo habari mbaya kuliko zote, kwa kuwa hizo ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka. Ukiziona, unaweza kuendelea kupima ili kujua ukubwa wa hasara, lakini hedi itafunguliwa tu.

Kama kuna maji, yatoe sasa. Fungua resi hadi mwisho, fungia nyaya za plagi kwenye chuma cha injini ili cheche isirushwe hewani wala kisanduku cha umeme kisiungue, jitenge na matundu ya plagi, na uzungushe stata kwa vipindi vifupi hadi kisitoke kitu. Weka oili kidogo katika kila silinda na uzungushe tena. Injini iliyonyweshwa maji ya bahari haipaswi kuachwa ilale usiku kucha ikiwa hivyo, kwani beringi za kranki huanza kushika kutu ndani ya saa chache, na kutu hiyo haionekani kwa kuchungulia tundu la plagi.

Kompresheni, na mipaka yake

Kipimo cha kompresheni ndicho chenye kujibu swali kubwa kwa gharama ndogo, ilimradi kifanywe vizuri. Betri iwe imejaa, plagi zote ziwe nje, nyaya zake ziwe zimefungiwa kwenye chuma, na resi iwe wazi hadi mwisho. Resi ikifungwa, hewa haiingii ya kutosha na geji itaidhulumu injini nzima. Zungusha hadi mshale uache kupanda, kwa kawaida baada ya mizunguko mitano au sita ya kila silinda, kisha andika namba. Geji yenyewe inastahili kuangaliwa: kivali cha kuzuia hewa isirudi kinapaswa kuwa kwenye ncha inayoingia katika tundu la plagi, kwani kikiwa juu karibu na saa ya geji, urefu wa mpira wote huongezwa kwenye nafasi ya mwako na namba hushuka bila kosa la injini. Urefu wa nyuzi za ncha hiyo nao ni muhimu. Plagi ya NGK BR8ES, inayotumika katika Sea-Doo nyingi, ina nyuzi za milimita 19, ilhali BR8HS ya mashine nyingi za Yamaha ina milimita 12.7 tu, na ncha ndefu katika tundu fupi inaweza kugongwa na pistoni.

Injini nyingi za aina hii zikiwa na afya hutoa kati ya psi (paundi kwa inchi mraba) 120 na 150, kutegemea modeli, na kitabu cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho. Tofauti kati ya silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe: ikizidi asilimia 10, au silinda moja ikiwa chini ya psi 100, kuna jambo. Silinda isiyotoa kitu kabisa huwa na pistoni iliyotoboka au ringi zilizonasa. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya hedi iliyoungua katikati yake.

Hapa ndipo wengi husimama, na ndipo wanapokosea. Injini iliyofurika petroli huwa imeoshwa oili kwenye kuta zake na hutoa namba ndogo kuliko haki yake. Iliyotoka kupuliziwa oili nyingi hutoa namba nzuri isiyostahili. Zaidi ya hayo, injini iliyoshika ikiwa moto inaweza kuachia yenyewe ikipoa, ikazunguka, na ikatoa kompresheni ya kuridhisha ilhali pistoni imechubuka upande wa tundu la moshi. Kamera nyembamba inayochomekwa kwenye simu, ambayo leo hupatikana kwa bei ndogo, ikipitishwa kwenye tundu la plagi pistoni ikiwa chini, itaonyesha mistari ya wima kwenye ukuta wa silinda ambayo geji haiwezi kuiona.

Tena, geji hupima juu ya pistoni tu. Tustroki hutegemea pia chumba cha kranki kilicho chini ya pistoni, kwa sababu humo ndimo mchanganyiko wa petroli na hewa hunyonywa na kusukumwa juu. Sili ya kranki (pete ya mpira inayozuia hewa kupita kando ya shafti) iliyochakaa au gasketi iliyopasuka huingiza hewa ya ziada, mchanganyiko huwa mwepesi, joto hupanda, na pistoni huyeyuka ingawa kabureta haina kosa lolote. Ili kupima, ziba njia ya kuingizia hewa na njia ya moshi kwa vibati na vipande vya mpira wa tyubu, kisha pampu hewa kwa mkono kupitia kijibomba cha mpira unaoendesha pampu ya petroli. Shinikizo la psi 5 hadi 8 linatosha, na linapaswa kukaa kwa dakika kadhaa likipungua kidogo sana. Likishuka haraka, paka maji ya sabuni kwenye maungio na utafute povu. Usipoliona nje, sili za ndani ndizo za kushukiwa. Kipimo hiki huchukua muda na mafundi wengi hukiruka, lakini kwa injini iliyoua pistoni ambayo sababu yake haijajulikana, sioni njia ya haki ya kukikwepa.

Ikiwa kompresheni ni nzuri

Basi injini huenda haijafa. Angalia cheche kwa kila plagi ikiwa imefungiwa kwenye chuma, mbali na matundu ya silinda. Kukiwa na cheche, tia kijiko kidogo cha petroli iliyochanganywa na oili kwenye koo la kila kabureta, rudisha plagi, na ujaribu kuwasha: ikiwaka kwa sekunde mbili au tatu kisha ikazima, shida iko kwenye njia ya petroli. Kukikosekana cheche, chomoa kwanza waya za swichi ya kuzimia na ujaribu tena, kwa kuwa swichi iliyoingia chumvi hubaki katika hali ya kuzima, na ni rahisi kuliko koili.

Injini ikiwaka na kupiga kelele kwa nguvu lakini chombo hakisogei, iache injini na ukague impela na pete inayoizunguka.

Kuisoma pistoni

Hedi na silinda vikishafunguliwa, usiharakishe kufuta masizi. Swali la kwanza ni kama silinda zote zimeumia au moja tu, kwa sababu jibu lake hupunguza orodha ya washukiwa kwa nusu. Vitu vinavyotumiwa na silinda zote ni petroli ya tangini, tangi la oili, pampu ya oili na maji yanayotoka kwenye pampu ya nyuma. Vikikosekana, kwa kawaida silinda zote hubeba alama. Vitu ambavyo kila silinda huwa navyo peke yake, hasa katika injini yenye kabureta moja kwa kila silinda, ni kabureta hiyo, kijipira cha oili, sili iliyo upande wake wa kranki na njia za maji zinazoizunguka. Silinda moja ikiwa imekufa na mwenzake akiwa safi, kulaumu petroli mbaya ni kuukwepa ushahidi.

Michubuko iliyo upande wa tundu la moshi pekee, pamoja na ukingo wa pistoni ulioanza kuyeyuka, ni alama ya mchanganyiko mwepesi au joto la kupita kiasi. Michubuko minne iliyopangika kwa umbali unaokaribiana kuzunguka pistoni hutokea pistoni inapotanuka haraka kuliko silinda, kwa mfano mtu anapowasha injini baridi na kuipa resi yote papo hapo. Michubuko iliyozunguka pande zote, yenye sura kavu, pamoja na beringi iliyobadilika rangi kuwa ya bluu, huashiria ukosefu wa oili. Tundu katikati ya kichwa, au ukingo uliotafunwa kama uliopigwa na mchanga, ni mlipuko usio wa wakati wake, unaoletwa na petroli yenye okteni ndogo, umeme unaowahi au mchanganyiko mwepesi. Vijishimo vidogo vingi juu ya pistoni na hedi maana yake ni kwamba kipande cha chuma kilirukaruka humo: tafuta beringi iliyopasuka, ringi, au kilimi cha vali ya kuingizia hewa kilichokatika, na usifunge injini hadi umejua kipande kimetoka wapi.

Alama zikielekeza kwenye mchanganyiko mwepesi, fungua kabureta. Zile za Mikuni zilizofungwa kwenye mashine nyingi hizi zina pampu ya petroli ndani yake na kijichujio kidogo chini ya kifuniko, ambacho hakionekani mpaka kabureta ifunguliwe. Fundi anayebadilisha filta ya nje tu hukiacha kikiwa kimeziba. Sea-Doo za miaka ya 1990 zinajulikana kwa mipira yao ya petroli ya kijivu, ambayo ikizeeka hutoa utelezi wa kijani unaokwenda kujaza kijichujio hicho, na dawa yake ni kubadilisha mipira yote kwa pamoja. Viwambo vilivyokakamaa navyo vibadilishwe, na vali ya kuchagulia petroli ya kawaida na ya akiba isafishwe. Chota petroli kutoka chini ya tangi, uiweke kwenye chupa inayoonyesha ndani na uiache itulie: maji yatajitenga chini.

Alama zikielekeza kwenye oili, angalia mapovu katika vijipira vinavyotoka kwenye pampu na kama alama za kebo yake zinalingana. Wapo wanaoiondoa pampu na kuchanganya wenyewe kwa kiwango cha 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Inawezekana, lakini katika Rotax zenye vali ya kuzunguka, kama 587, 717 na 787, shafti ya vali hiyo hupata oili yake kutoka tangi la oili kupitia mpira mwingine, kwa hiyo tangi hilo lisiondolewe. Shafti hiyohiyo sili zake zikichakaa, oili hushuka ndani ya kranki chombo kikiwa kimehifadhiwa, na injini huamka ikiwa imejaa oili.

Alama zikielekeza kwenye joto, chomoa mipira ya maji mmoja mmoja na upitishe maji. Mchanga, vigae vya kombe na chumvi iliyoganda hukaa kwenye kona. Chunguza pia namna chombo kinavyooshwa. Katika mashine hizi injini huwashwa kwanza ndipo bomba la maji hufunguliwa, na bomba hufungwa kwanza ndipo injini huzimwa. Anayefungua maji injini ikiwa imezimwa huyajaza kwenye mfumo wa moshi hadi yaingie kwenye silinda, na makosa ya namna hii hufanyika nchi kavu, mbali na bahari inayolaumiwa.

Kranki, na siku ya kuwasha

Kabla ya kununua pistoni, shika kila konrodi na uivute juu na chini. Ikicheza hata kidogo katika mwelekeo huo, kranki imekwisha. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Izungushe polepole ukihisi kama kuna mchanga ndani ya beringi, na katika injini ya silinda mbili hakikisha kwamba pistoni moja ikifika juu kabisa nyingine iko chini kabisa, kwa kuwa kranki ya kuunganishwa kwa vipande inaweza kupinda mahali pa maungio baada ya injini kushika ghafla. Kranki yenye kutu kwenye beringi haifai kulainishwa kwa oili na kurudishwa, hata kama inazunguka.

Silinda nyingi hizi zina silivu ya chuma (bomba la ndani ambamo pistoni hupita) inayoweza kuchimbwa kwa saizi inayofuata. Pistoni zikiwa mpya, tumia tangi la kwanza likiwa na mchanganyiko wa 40 kwa 1, ambao ni mililita 500 kwa lita 20, na usishikilie resi mwishoni kwa muda mrefu. Pima kompresheni tena tangi hilo likiisha, na uandike namba ili uwe na kitu cha kulinganisha mwakani. Kisha endesha kwa kasi kwa muda mfupi, zima injini resi ikiwa bado wazi, na utoe plagi papo hapo. Ikitoka ya hudhurungi, chombo kiko tayari. Ikitoka nyeupe, kivute ufukweni polepole na urudi kwenye kabureta ya silinda hiyo kabla ya kuwasha tena.